Mtoto wa pumu ya ngozi na muwasho: jinsi ya kumsaidia kwa maongezi, hatua kwa hatua

Mzazi mwenye mtoto wa pumu ya ngozi (eczema, ule ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha) hebu jihesabie leo, tangu asubuhi umesema "acha kujikuna" mara ngapi? Bibi nae kasema, dada wa kazi kasema, baba anaangalia mpira kasema bila hata kugeuza kichwa, mtoto kaacha kama dakika moja hivi alafu mkono umerudi palepale nyuma ya goti. Mi ni nesi, nimekaa sana na kina mama wa watoto hawa, na kitu kinachowachosha kuliko hata bei ya dawa ni hiyo kelele ya kila siku ambayo haileti matokeo yoyote.

Sasa kuna njia ya kuongea na mtoto inayosaidia kweli, ndo wanaita tiba ya maongezi, au kwa upana wake tiba ya fikra na tabia. Watu wakisikia maongezi wanadhani ni kumkalisha mtoto na kumshawishi asijikune. Sio hivo kabisa. Kazi yake ni mbili tu, kumfundisha mtoto aushtukie mkono wake kabla haujafika kwenye ngozi, na kuupa ule mkono kazi nyingine ya kufanya. Basi. Mengine yote humu chini ni namna ya kufika hapo.

Na sio kitu cha kubuni. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, walitoa njia ya kuvunja tabia zinazojirudia zenyewe kama kung'ata kucha na kutikisa kichwa, baadae Waswidi Norén na Melin wakaijaribu kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi na matokeo wakayachapisha 1989: waliopaka dawa pamoja na kufundishwa kubadili tabia walipunguza kujikuna na ngozi ikapona vizuri kuliko waliopaka dawa peke yake. London kwenye hospitali ya Chelsea and Westminster madaktari wakaiendeleza hiyohiyo. Ujerumani nao waliweka madarasa ya wazazi na watoto wa pumu ya ngozi, mara moja kwa wiki kwa wiki 6, na utafiti wao ulitoka 2006 ukionyesha watoto wamepata nafuu, ngozi na maisha kwa ujumla.

Ila angalia hapo, dawa PAMOJA NA maongezi. Asije mtu akaacha kupaka eti tunaongea.

Hatua ya 1: hakikisha ni pumu ya ngozi na dawa inapakwa

Kama nyumba nzima inawashwa usiku, na vipele viko katikati ya vidole na kwenye viganja, hicho kinaweza kuwa upele wa kuambukizana, na hapo hata muongee mpaka asubuhi hamtafika popote, mnatakiwa kutibiwa nyumba nzima. Kama ni duara lenye kingo kichwani au mwilini inaweza kuwa fangasi. Pumu ya ngozi kwa watoto wakubwa kidogo inapenda kwenye mikunjo, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni, na kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, mara nyingi inaonekana kama weusi uliozidi au rangi ya kijivu, au vipele vidogovidogo vikavu ukipitisha mkono unavisikia. Nenda kwa daktari aangalie.

Dawa ya kupaka aliyoandika daktari ipakwe kama alivyosema, na mafuta ya kulainisha (ya mgando yasiyo na harufu yanatosha kabisa, sio lazima kitu cha bei) yapakwe mara baada ya kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu. Maji yawe vuguvugu, dakika 5 mpaka 10, sabuni kidogo na isiwe ya magadi. Zile krimu za kuchanganyiwa dukani bila lebo achana nazo, nyingi zina steroidi kali na mtoto anapendeza wiki mbili kisha mnaanza kulia upya. Na Piriton inamlaza mtoto lakini muwasho wa pumu ya ngozi haiutibu, kwahiyo usiitegemee.

Hatua ya 2: nyumba nzima ikubaliane

Hii wazazi wengi wanaruka, alafu wanakuja kusema njia haifanyi kazi. Kabla hujakaa na mtoto kaa na wakubwa wenzio. Bibi, baba, dada wa kazi, kaka mkubwa, wote waelewe mambo matatu.

La kwanza, kujikuna kuna aina mbili. Kuna kujikuna kwa sababu kunawasha, na kuna kujikuna kwa mazoea ambako mkono unaenda wenyewe mtoto akiwa anaangalia katuni, anafanya homwork, anavua nguo, au amekasirika. Ngozi ikiwa imeshatulia na dawa hiyo aina ya pili inabaki, na ndo inayoirudisha ngozi kule ilikotoka, maana ngozi ikikunwa inavimba, ikivimba inawasha, ikiwasha inakunwa.

La pili, kujikuna kunaleta raha. Kweli kabisa, ubongo unapata nafuu ya papo hapo. Kwahiyo ukimwambia mtoto aache bila kumpa kitu kingine umemnyang'anya nafuu yake na hujamrudishia kitu.

La tatu, neno "acha" linafutwa. Badala yake kuna ishara moja mtakayokubaliana na mtoto mwenyewe. Bibi ndo mgumu zaidi hapa, anaona kama mnamdekeza mjukuu. Muombe kwa heshima, mwambie "bibi tusaidie kujaribu mwezi mmoja tu", na mpe kazi, mfano yeye ndo awe msimulizi wa hadithi ya usiku (nitaieleza chini). Bibi mwenye kazi hana muda wa kugombeza.

Hatua ya 3: kikao cha kwanza, muwasho upewe jina

Chagua muda ambao hawashwi. Sio usiku wa manane, wala sio umetoka kumgombeza. Kaeni chini, mkekani, hata mkiwa mnachambua mchele ni sawa, watoto wanaongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho hayaangaliani.

Lengo la siku hiyo ni kuutenganisha muwasho na mtoto. Yeye sio tatizo, muwasho ndo tatizo, na nyie wawili mko timu moja dhidi yake. Njia hii ya kulipa tatizo jina na kulitoa nje ya mtoto waliieneza Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, na watoto wanaipenda kwasababu kwao ni mchezo. Maongezi ya mama na dogo wa darasa la pili yanaenda hivi:

"Mwanangu, hiyo kuwashwa ikianza inaanzaje?"
"Inaanza kidogo. Kama siafu mmoja."
"Enhe."
"Afu anawaita wenzake."
"Kwahiyo tumuite Siafu?"
"Hapana. Huyo anaewaita ni Bosi."
"Haya, Bosi. Bosi anapenda kuja saa ngapi?"
"Nikivua yunifomu." Kimya kidogo. "Na ukinigombeza."

Hapo mama usijitetee. Usiseme "mi nakugombeza kwasababu hunisikii". Sema "asante kwa kuniambia" na uendelee kuuliza. Bosi anapenda kukaa wapi, akija anakwambia nini, kuna siku alikuja ukamshinda? Hilo swali la mwisho ni la muhimu sana, kila mtoto ana siku moja alipitiwa na mchezo akasahau kujikuna, itafuteni hiyo siku muiongelee mpaka ndani: alikuwa wapi, mikono ilikuwa inafanya nini. Mara nyingi jibu la nini kitamsaidia liko humohumo.

Dakika 15 zinatosha. Akitaka kumchora Bosi mpe penseli.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 4 hapa hakuna maongezi ya maana, kazi ni ya mzazi: dawa, kucha fupi, kumhamishia mikono kwenye mchezo. Wa miaka 4 mpaka 6 fanyeni kwa mwanasesere, mwanasesere ndo anawashwa na mtoto ndo daktari, utashangaa anavyompa ushauri mzuri.

Hatua ya 4: wiki ya kuhesabu

Wiki hii nzima haombwi kuacha chochote. Anahesabu tu. London wanatumia kile kikaunta cha kubonyeza kwa kidole, sisi tuna vizibo vya soda. Mpe vizibo mfuko wa kulia wa kaptula, kila akijishtukia anajikuna anahamishia kimoja mfuko wa kushoto. Jioni mnahesabu na kuandika kwenye daftari. Hakuna haja ya siku nzima, chagueni masaa yaleyale kila siku, mfano kuanzia akirudi shule mpaka kulala. Wadogo unawahesabia wewe kwa punje za maharage, kimyakimya, bila kutoa macho.

Kwenye daftari andika vitu vitatu: ilikuwa saa ngapi, alikuwa anafanya nini, alikuwa anajisikiaje. Kujikuna ni pamoja na kusugua kwa sweta, kujisugua ukutani, kubinyabinya na kubandua magamba, kila mara ni kizibo kimoja.

Vinatokea vitu viwili. Namba zinaweza kuanza kushuka zenyewe kabla hujafanya lolote, maana mtu akijiangalia anabadilika. Au siku mbili za kwanza namba inapanda, mzazi anashtuka, kumbe mtoto ndo ameanza kuona ambavyo zamani hakuviona, na hiyo ni dalili nzuri. Ila mwisho wa wiki utaona mpangilio. Kwa wengi ni kuvua nguo, tivii, kabla ya kulala, chooni, na kwa Dar au Tanga yale masaa ya jasho mchana. Jasho mnaliondoa kwa maji na feni, lakini tivii ni mazoea, na hapo ndo tunapoingia.

Hatua ya 5: kazi mpya ya mkono

Hapa ndo moyo wa jambo lote kwahiyo usikimbie.

Mtoto akihisi Bosi anakuja, au akiona mkono umeshaanza safari, anafanya hivi: mikono inashuka pembeni, anakunja ngumi zote mbili, anabana, anahesabu mpaka 30 taratibu. Ngumi iliyokunjwa haiwezi kukuna, ndo ujanja wenyewe. Ikifika 30 na bado kunawasha, anabonyeza pale panapowasha kwa ncha ya kidole au anapafinya kidogo bila kuburuza mpaka kupoe, au anaweka kitambaa cha maji ya baridi. Kuburuza kucha ndo kunakochana ngozi, kubonyeza hakuchani.

Wadogo ngumi 30 wanaziona ndefu. Wape "kobe": anajikumbatia, mikono inaingia kwapani, kichwa kinainama, anahesabu mpaka 10. Au puto lililojazwa unga likafungwa vizuri, analibinya. Darasani anashika kingo za dawati au anabana penseli, hakuna mtu anayejua.

Sasa kosa la wengi wetu ni kufundisha hii wakati mtoto tayari anawaka. Haingii. Ifanyeni kila siku dakika 5 wakati hawashwi, anafumba macho, unamwambia "Bosi yuko mlangoni, anapanda mguuni, amefika nyuma ya goti, sasa!" na yeye anakunja ngumi. Mara ya nne mara ya tano atakuwa anacheka. Fanyeni mkiwa mmekaa kwenye kochi mbele ya tivii iliyozimwa, mkiwa chumbani anavua yunifomu, yani palepale ambapo daftari limesema Bosi anapenda.

Ishara yenu ndo inachukua nafasi ya "acha". Inaweza kuwa "Bosi kaja?" au kumgusa bega tu. Unatoa ishara mara moja, alafu unaondoka na macho yako unayapeleka kwingine. Akifanya ngumi unamsifia kwa kutaja alichofanya, "nimeona ulivyokunja ngumi mwenyewe." Akijikuna, huoni.

Zawadi ziende kwa kufanya ngumi, sio kwa kutojikuna. Tofauti ni kubwa, maana ngumi iko mikononi mwake lakini muwasho hauko. Kila ngumi punje moja kwenye kopo, kopo likijaa anachagua kitu: hadithi ya ziada, kukaa siti ya mbele, kupika chapati na mama. Na punje zikishaingia hazitoki, hata kama kajikuna mpaka damu. Mzazi anayetoa punje kama faini kaua mchezo siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: usiku

Akiwa usingizini mtoto hajui anajikuna kwahiyo ngumi haimsaidii, usimlaumu asubuhi kwa shuka lenye damu. Usiku unaandaliwa jioni. Kucha zikatwe na kupigwa tupa, mafuta na dawa vipakwe nusu saa kabla ya kitanda ili asilale anateleza na joto, shuka la pamba, feni kama ipo, na kama analala na mdogo wake kitanda kimoja jaribu kuwatenga, joto la miili miwili ni tabu tupu.

Alafu pumzi. Mwambie "nusa uji, puliza uji": anashika kikombe cha uji cha kuwaza, ananusa kwa pua akihesabu mpaka 4, anapuliza taratibu kwa mdomo mpaka 6. Mara 10. Hii inatuliza mwili, na mtoto mwenye wasiwasi anawashwa zaidi.

Alafu bibi achukue kiti. Paukwa, pakawa. Hadithi iwe ya ubaridi, sio ya majitu. "Hapo zamani palikuwa na mtoto aliyejua njia ya siri ya kwenda mtoni alfajiri. Akafika, mchanga ulikuwa wa baridi chini ya miguu. Akaingia maji mpaka kifundo, yakapanda mpaka gotini, nyuma ya goti pakapoa, akachota akamwagia kiwiko..." na unazipitia sehemu zote zinazomsumbua mojamoja, sauti inashuka. Hadithi ileile kila usiku, usibadilishe, akiijua kwa moyo ndo inafanya kazi zaidi maana akiamka saa nane atajisimulia mwenyewe.

Na akiamka hiyo saa nane: taa kubwa isiwashwe, hotuba isitolewe. Kitambaa cha baridi, mafuta kidogo, uji mara tano, "uko wapi sasa, umefika mtoni?" Basi.

Hatua ya 7: yale anayoyawaza

Kuna maneno mtoto hayasemi mpaka umechimba. Wameniita mkoma. Hawataki kukaa na mimi dawati moja. Mungu ananiadhibu. Mama analia kwa ajili yangu. Haraka ya mzazi ni kuyafuta hapohapo, "usijali, achana nao", na mtoto anaelewa kwamba hilo halisemwi tena nyumbani.

Afadhali uulize. "Nani alisema? Ulijisikiaje? Na wewe ulifikiri nini?" Alafu taratibu: "wote hawataki kukaa na wewe, au kuna mmoja anataka?" Mara nyingi yupo mmoja. Hiyo ndo kazi ya tiba ya fikra, kumsaidia mtoto kupima wazo lake mwenyewe, sio kumpa wazo lako.

Kisha mpeni jibu fupi la mfukoni: "Hii ni pumu ya ngozi, haiambukizi. Tucheze." Fanyeni igizo, kaka yake awe yule mbaya wa shule, amtanie kweli, na yeye ajibu akiwa amesimama wima. Rudieni mpaka linatoka bila kigugumizi. Na wewe mzazi nenda ukaonane na mwalimu wa darasa, mueleze haiambukizi, muombe mtoto asikae kwenye jua dirishani, aruhusiwe kutoka kunawa na kupaka mafuta, na kama sweta la shule linamkera avae fulana ya pamba ndani.

Vijana wa miaka 12 kwenda juu habari za Bosi na punje watakuona kituko. Kwao anza na "wewe ungependa nini kibadilike?" Jibu linaweza kuwa mikono mifupi, mpira, picha, mtu fulani darasani, na hiyo ndo sababu yake ya kufanya ngumi, hata kama kwako ni ya kitoto. Dawa mkabidhi yeye, ila mkubaliane siku ya kuangalia pamoja.

Lini utafute mtaalam

Ukiona wiki 6 zimepita, dawa imepakwa, mmehesabu na kufanya mazoezi kweli, na masaa yaleyale namba ni ileile, tafuta mtu. Pia kama mtoto hataki shule, halali, amejitenga. Hospitali za rufaa nyingi zina kitengo cha afya ya akili, omba mwanasaikolojia wa watoto au mshauri nasaha. Muhimbili wana ngozi na wana afya ya akili palepale, Moshi pale KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda ambacho kipo tangu 1992. Ukifika muulize mtaalam: utamfundisha mtoto nini cha kufanya na mikono? Sisi wazazi utatupa kazi gani nyumbani? Akikwambia muache mtoto hapa we kasubiri nje, na baada ya vikao vitatu hujui wanafanya nini, uliza tena.

Mtoto akisema hataki kuishi, usisubiri kliniki ya Jumatano, nenda leo. Na leo hiyohiyo uende kama ngozi inatoa usaha au magamba ya njano na homa, au vimetoka vimalengelenge vingi vinavyouma kama vimetobolewa, hiyo inaweza kuwa maambukizi ya hatari na haina maongezi.

Muwasho ukirudi baada ya miezi, na utarudi, msianze mwanzo kabisa. Dawa kwanza, vizibo siku tatu, mazoezi ya ngumi kila jioni wiki moja, bibi na hadithi yake ya mtoni. Daftari la zamani msilitupe, mtaona Bosi kaja saa zilezile au kahamia sehemu mpya, na kama kahamia mnahamishia mazoezi huko.